Taji la Elvis, Nyimbo za Chuck Berry

Muulize mtu yeyote nani mfalme wa muziki wa roki, na jibu litakuja kabla hujamaliza swali: Elvis Presley. Jibu hilo limekaririwa tangu miaka ya 1950, magazetini, redioni, kwenye filamu na kwenye fulana, mpaka limekuwa jambo lisilodaiwa ushahidi. Anayelihoji huonekana mkorofi. Mimi nalihoji, kwa sababu linaficha namna muziki huu ulivyojengwa na nani aliyeujenga. Aliyeipa roki umbo lake, lugha yake na namna yake ya kufanya kazi ni Chuck Berry. Madai kwamba Elvis alimzidi kwa ukubwa na kwa athari hayastahimili kuchunguzwa.

Niwatendee haki kwanza walio upande wa pili, maana hoja zao si za kipuuzi. Wanasema hivi: Elvis, kijana aliyezaliwa Tupelo, Mississippi, mwaka 1935 na kukulia katika ufukara, aliuza santuri kwa wingi ambao wanamuziki wenzake wa wakati ule hawakuufikia. Usiku wa tarehe 9 Septemba 1956 watu wapatao milioni 60 walimtazama katika kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan. Yeye ndiye aliyefungua mlango ambao wanamuziki Weusi, Berry akiwemo, walipitia. John Lennon na vijana wengi wa Uingereza walishika magitaa kwa ajili yake. Kuimba ni sanaa kamili, na asiyetunga hapungukiwi kitu. Na mwisho, wanasema, Berry alikuwa mtu wa mtindo mmoja, aliyechukua vya wenzake na aliyeishi maisha yenye madoa mazito.

Hizo ni hoja tano. Nitazichukua moja moja, kisha nieleze gharama ambayo imani hii imetutoza.

1. Hoja ya mauzo

Kama mauzo ndiyo kipimo cha athari, basi taji si la Elvis wala la Berry. Santuri inayotajwa kuwa iliuzwa kuliko zote ni "White Christmas" ya Bing Crosby, ya mwaka 1942, na hakuna anayedai kwamba roki ilitoka kwa Crosby. Watetezi wa Elvis wanakipenda kipimo hiki kinapompandisha mtu wao, lakini hawakifuati hadi kinakoelekea.

Tukifuate basi. "Johnny B. Goode" ilipotoka mwaka 1958 iliishia nafasi ya 8 kwenye chati ya pop ya Marekani. Wimbo pekee wa Berry uliowahi kushika nafasi ya kwanza kwenye chati hiyo ni "My Ding-a-Ling" wa mwaka 1972, kichekesho chenye mafumbo ya matusi, ambacho hata hakukitunga yeye. Mtunzi wake ni Dave Bartholomew wa New Orleans. Kwa mantiki ya mauzo, kichekesho hicho ndicho kilele cha kazi ya Berry na "Johnny B. Goode" ni cha pembeni. Mpiga gitaa yeyote ajuaye kazi yake atakwambia ni kinyume kabisa. "Johnny B. Goode" ndiyo aliyoipiga Jimi Hendrix jukwaani Berkeley mwaka 1970. Ndiyo aliyoigeuza rege Peter Tosh mwaka 1983. Na ndiyo wimbo pekee wa roki uliowekwa kwenye santuri ya dhahabu iliyorushwa angani na vyombo vya Voyager mwaka 1977. Mauzo yalisema jambo moja, na wenye kujua muziki wakasema jingine.

Kuna jambo zito zaidi. Mauzo hupima njia za soko pia, na njia hizo hazikuwa sawa kwa wote. Elvis alisukumwa na RCA, kampuni kubwa yenye wasambazaji nchi nzima. Berry alirekodi Chess, kampuni ya familia moja mjini Chicago. Santuri yake ya kwanza ilipovuma, waandaaji wa Kusini waliodhani sauti ile ni ya Mzungu wa kantri walimwalika kupiga dansi zao. Alipofika na ngozi yake ikaonekana, kuna mahali alipokataliwa kupanda jukwaani. Huwezi kumfungia mtu lango kisha ukatumia idadi ya waliopita langoni kuthibitisha kwamba hakuwa na watu.

2. Hoja ya mlango

Hoja hii husemwa kwa nia njema. Inadai kwamba Wamarekani Weusi walikuwa na muziki mzuri, lakini nchi haikuwasikiliza hadi Elvis alipowatangulia. Kalenda inaikataa.

Berry aliingia studio ya Chess tarehe 21 Mei 1955, baada ya Muddy Waters kumwelekeza kwa Leonard Chess, akarekodi "Maybellene". Wimbo ulitoka Julai, na mwaka huo huo ukafika nafasi ya 5 kwenye chati ya pop ya taifa, ambayo wanunuzi wake wengi walikuwa Wazungu, na nafasi ya kwanza kwenye chati ya muziki wa Weusi. Mwaka huo huo Fats Domino aliingia kumi bora za pop na "Ain't That a Shame". Elvis alikuwa wapi? Alikuwa bado na kampuni ndogo ya Sun ya Memphis, akizunguka majimbo ya Kusini na kutamba kwenye chati za kantri. RCA ilinunua mkataba wake Novemba 1955, na "Heartbreak Hotel", wimbo uliompeleka kwenye kilele cha chati ya pop, ulirekodiwa Januari 1956. Mtu hawezi kuwafungulia mlango wenzake ambao wameshaingia ndani na kukaa.

Wapo wanaorudi nyuma hatua moja na kusema: angalau Elvis ndiye wa kwanza kuunganisha muziki wa Weusi na kantri ya Wazungu. Hili nalo linaanguka. Mkesha wa mwaka mpya wa 1952, mpiga piano Johnnie Johnson alipungukiwa na mpiga saksafoni aliyeugua, akamwita Berry ajaze nafasi. Kuanzia hapo, katika ukumbi wa Cosmopolitan mjini East St. Louis, Berry alikuwa akiwaimbia wasikilizaji Weusi nyimbo za kantri za Wazungu wa mashambani. Mwanzoni walimcheka, baadaye wakazicheza. Elvis alirekodi "That's All Right" Julai 1954, zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Muungano huo tayari ulikuwa unachezewa dansi East St. Louis.

Na tuutazame mlango wenyewe. Mwaka 1955 Pat Boone, Mzungu mwenye sauti laini, aliuimba "Ain't That a Shame" na kuupeleka nafasi ya kwanza, juu ya Domino mwenyewe. Mwaka uliofuata aliuimba "Tutti Frutti" na kumpita Little Richard kwenye chati ya pop. Soko lilikuwa limejifunza kuchukua wimbo kutoka kinywa cheusi na kuuuza kwa sura nyeupe. Elvis hakuubuni utaratibu huo, na alikuwa mwimbaji bora kuliko Boone mara nyingi, lakini yeye ndiye aliyefaidika nao kuliko mtu mwingine yeyote. Kumwita mkombozi wa wale ambao utaratibu huo uliwapunja ni kugeuza historia juu chini.

Elvis mwenyewe hakudai ukombozi huo. Mwaka 1969, akizungumza na waandishi wa habari Las Vegas baada ya kurudi jukwaani, aliitwa mfalme. Alimwonyesha Fats Domino aliyekuwapo chumbani na kusema taji ni la huyo. Wanaomshangilia wamekataa kumsikiliza hata katika hili.

3. Hoja ya waliofuata

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote. Lennon alisema kwamba kabla ya Elvis hakukuwa na kitu. Paul McCartney, Keith Richards na wengine wamesimulia jinsi sauti ya "Heartbreak Hotel" ilivyowagutusha wakiwa vijana. Sina sababu ya kubisha. Walichokisikia walikisikia.

Lakini Lennon huyo huyo alisema pia kwamba kama roki ingepewa jina jingine, ingeweza kuitwa Chuck Berry. Nusu moja ya ushuhuda wake inanukuliwa kila mwaka na nusu ya pili inaachwa kando. Tukizisoma zote mbili, maana inakuwa wazi: Elvis aliwapa vijana wale hamu ya kuwa wanamuziki, na Berry akawapa kazi ya kufanya. Mwenye kukutia njaa hastahili kushukuriwa kwa chakula alichopika mwingine.

Tazama walichopiga. Santuri ya kwanza ya Rolling Stones, Juni 1963, ni "Come On", wimbo wa Berry. Mick Jagger na Keith Richards, waliokuwa wamepotezana tangu utotoni, walikutana tena kwenye kituo cha treni cha Dartford mwaka 1961 kwa sababu Jagger alikuwa amebeba albamu za Berry na Muddy Waters kwapani. Beatles waliweka "Roll Over Beethoven" kwenye albamu yao ya pili na "Rock and Roll Music" kwenye ya nne, na katika vipindi vyao vya redio ya BBC walipiga pia "Memphis, Tennessee", "Carol", "Sweet Little Sixteen", "Too Much Monkey Business" na "Johnny B. Goode". Beach Boys walichukua muziki wa "Sweet Little Sixteen", wakautia maneno ya mawimbi na kuuita "Surfin' U.S.A.", jina la Berry likalazimika kuandikwa kama mtunzi. Bob Dylan alikiri deni la "Subterranean Homesick Blues" kwa "Too Much Monkey Business". Lennon alipotunga "Come Together" mwaka 1969 alikaribia mno "You Can't Catch Me" ya Berry, hata mmiliki wa haki za wimbo huo akamshtaki.

Na tazama walivyojifunza. Berry alichukua mwendo wa mkono wa kushoto wa mpiga piano wa boogie-woogie akauhamishia kwenye nyuzi nene za gitaa. Kidole cha shahada na cha pete vinakamata nyuzi mbili, kidole kidogo kinanyooka na kurudi, kinanyooka na kurudi, kila pigo, bila kuchoka. Juu ya mwendo huo anarukia nyuzi mbili nyembamba na kuzipiga kwa pamoja, anazipinda kidogo, anaziachia, kisha sauti inajibu. Kijana mwenye gitaa la bei rahisi anaweza kujifunza mwendo huo kwa jioni moja, na akautumia maisha yake yote. Kwa kuwa Berry alikuwa akifuatana na piano ya Johnson, nyimbo zake nyingi zilikuwa kwenye funguo za wapiga piano. "Johnny B. Goode" iko kwenye si bemoli, ufunguo ambao mpiga gitaa hauchagui kwa raha yake, na vijana wa Uingereza waliumiza vidole kuufuata. Kutoka kwa Elvis kijana yule angejifunza kuchana nywele, kusimama na kutikisa nyonga. Gitaa aliloshika Elvis kwenye picha zile lilikuwa la kuongozea mwendo tu. Solo alikuwa akipiga Scotty Moore.

Athari kubwa zaidi iko kwenye namna ya kazi. Elvis alikuwa mwimbaji aliyeletewa nyimbo na wachapishaji, akachagua, akaimba. Mfumo huo ulikuwa na wafuasi wake: Cliff Richard wa Uingereza alianza hivyo, na Johnny Hallyday wa Ufaransa pia. Walidumu na walipendwa kwao, lakini roki haikwenda njia yao. Ilikwenda njia ya mtu mmoja anayetunga, anayeimba, anayepiga gitaa na kuongoza bendi yake, njia ambayo Berry aliionyesha, na Buddy Holly akaifuata kwa muda mfupi aliojaliwa. Mwaka 1962 Beatles walipokataa kutoa wimbo walioletewa na kusisitiza kutoa wa kwao, walikuwa wamechagua kati ya mifumo miwili. Bendi zilizowafuata, hadi leo, zimechagua hivyo hivyo.

Hata heshima nzuri aliyopewa Elvis na mtoto wa Zanzibar inathibitisha jambo hili. Freddie Mercury, aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, alipotaka kumuenzi Elvis mwaka 1979, sauti aliigiza ya Elvis, lakini wimbo, "Crazy Little Thing Called Love", aliutunga mwenyewe na jukwaani akapiga gitaa mwenyewe. Alimsifu mwimbaji yule kwa kufanya kazi ambayo mwimbaji yule hakuwahi kuifanya.

4. Hoja ya sauti

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Elvis alikuwa na sauti ya ajabu, na aliielewa. Kuimba ni sanaa. Lakini wanaosema kwamba utunzi hauna uzito wamefunika jambo moja kubwa. Walioendesha biashara ya Elvis waliamini kinyume chake. Otis Blackwell alitunga "Don't Be Cruel" na "All Shook Up". Kwenye orodha ya watunzi jina la Elvis limewekwa pembeni ya lake, na mapato yakagawanywa. Hilo lilikuwa sharti: ukitaka Elvis aimbe wimbo wako, ukate sehemu ya haki zako. Dolly Parton alidaiwa nusu ya haki za "I Will Always Love You" katika miaka ya 1970. Akakataa, na Elvis hakuuimba. Kama utunzi hauna uzito, kwa nini upande wa Elvis uliupigania hivyo? Watu hawanyang'anyani kitu kisicho na thamani.

Sasa tumlinganishe Berry na Elvis kwenye wimbo mmoja. "Memphis, Tennessee" ya Berry, ya mwaka 1959, ni mazungumzo ya mtu na opereta wa simu za mbali. Anamtafuta Marie, hana namba yake, ana vidokezo tu: nyumba iko upande wa kusini wa mji, karibu na daraja la Mississippi. Beti zinapita na msikilizaji anaamini huyu ni mpenzi aliyeachwa. Mwishoni tu ndipo Berry anafichua kwamba Marie ana umri wa miaka 6, ni binti yake, na mama wa mtoto ndiye aliyewatenganisha. Hadithi nzima ya ndoa iliyovunjika na baba anayemkosa mwanawe imo ndani ya wimbo wa dakika mbili na ushei, bila neno moja la kulialia. Elvis aliurekodi wimbo huo katika miaka ya 1960, kwa ustadi. Lakini siri ya Marie, kimya cha opereta, subira ya kuficha umri wa mtoto hadi mwisho: vyote hivyo vilikuwa vimeshakamilika kabla Elvis hajafungua kinywa.

Elvis aliujua utajiri huo. Desemba 1956, alipokutana na Jerry Lee Lewis na Carl Perkins kwenye studio ya Sun na mitambo ikawa inarekodi, walikuwa wakirudia tena na tena "Brown Eyed Handsome Man" ya Berry na kuistaajabia. Baadaye alirekodi "Too Much Monkey Business" na "Promised Land". Wimbo huo wa mwisho Berry aliutunga gerezani, akiomba atlasi ili apange safari ya msafiri wake kutoka Norfolk, Virginia, hadi Los Angeles. Berry hakuwa na wimbo wowote wa Elvis wa kurudishia. Haukuwepo.

5. Hoja ya madoa

Inabaki hoja ya tano: kwamba Berry naye alichukua vya wenzake, na kwamba hakuwa mtu mwema. Sehemu zote mbili zina ukweli, na sitaki kuupunguza.

Utangulizi wa gitaa wa "Johnny B. Goode" unafuata karibu noti kwa noti utangulizi wa Carl Hogan, mpiga gitaa wa Louis Jordan, katika wimbo wa mwaka 1946. "Maybellene" ilizaliwa kutoka kwa wimbo wa kantri uitwao "Ida Red". Na Johnnie Johnson, ambaye piano yake imo katika misuli ya nyimbo zile, hakuandikwa kamwe kama mtunzi mwenza. Alipofungua kesi mwaka 2000, mahakama iliitupa mwaka 2002 kwa sababu muda ulikuwa umepita. Hilo lilikuwa dhuluma, na deni ni la Berry. Lakini deni hilo analidai Johnson. Halimrudishii Elvis taji. Anayetumia haki ya mpiga piano Mweusi aliyesahauliwa ili kumpandisha mwimbaji aliyekwisha kuwa na kila kitu hamtetei Johnson. Anamtumia mara ya pili.

Kuhusu kuchukua: Berry alichukua sauti za Hogan, akazifungia ndani ya hadithi mpya ya kijana asiyejua kusoma vizuri anayepiga gitaa kando ya reli, na ikatoka kazi ambayo haikuwepo. Wimbo wa Hogan na wimbo wa Berry ni nyimbo mbili. "Hound Dog" ya Elvis na "Hound Dog" ya Big Mama Thornton, aliyeurekodi mwaka 1952, ni wimbo mmoja uliohamishwa mikono.

Kuhusu maisha: mwaka 1959 Berry alikamatwa kwa kumsafirisha msichana wa miaka 14 kuvuka mipaka ya majimbo, na baada ya kesi ya kwanza kubatilishwa kwa sababu ya maneno ya kibaguzi ya jaji, alitiwa hatiani katika ya pili na kufungwa kuanzia 1962 hadi 1963. Msichana yule alikuwa mtoto, na ukubwa wa muziki haulifuti jambo hilo. Lakini wanaolitaja ili kumshusha Berry hunyamaza kuhusu mwaka huo huo wa 1959, huko Ujerumani, ambako Elvis mwenye umri wa miaka 24 alianza uhusiano na Priscilla aliyekuwa na miaka 14. Kama maadili ndiyo kipimo, kitumike kwa wote wawili. Mimi siombi Berry apewe cheti cha tabia njema. Nauliza nani aliyejenga, na jibu la swali hilo halibadiliki kwa sababu mjenzi alikuwa mkosaji.

6. Gharama tunayolipa

Baadhi watasema: hata kama ni kosa, lina madhara gani? Ni heshima tu ya marehemu. Madhara yapo, na waliolipa wana majina.

Arthur Crudup, mtunzi wa "That's All Right", alipigania mirabaha yake kwa miaka mingi na akafa mwaka 1974 akiwa maskini. Thornton aliambulia dola kama 500 kwa wimbo uliowatajirisha wengine. Sister Rosetta Tharpe, aliyekuwa akicharaza gitaa la umeme na kuimba injili kwa kishindo cha roki tangu miaka ya 1940, aliingizwa kwenye Ukumbi wa Watukufu wa Roki mwaka 2018 tu. Historia inapoanzia kwa mfalme, wote waliotangulia hugeuzwa kuwa "chimbuko", na chimbuko halilipwi.

Berry mwenyewe alilipa. "Maybellene" ilipochapishwa, aliona kwamba mtangazaji wa redio Alan Freed na mtu mwingine asiyehusika na utunzi wameandikwa kama watunzi wenza, ili Freed awe na sababu ya kuupiga wimbo hewani. Ilichukua miaka mingi majina hayo kuondolewa. Tangu hapo Berry alidai malipo yake taslimu kabla ya kupanda jukwaani na hakumwamini mtu. Wengi walimwita bahili na mwenye roho ngumu. Alikuwa amefundishwa hivyo na biashara ambayo tunaisherehekea.

Na Elvis naye alilipa, pengine kuliko wote. Meneja wake, aliyejiita Kanali Tom Parker, alikuwa Mholanzi asiye na karatasi za uhamiaji, na Elvis hakufanya onyesho lolote nje ya Marekani isipokuwa miji mitatu ya Kanada mwaka 1957. Dunia iliyomwita mfalme wake haikumwona. Alizungushwa kwenye filamu 31 za kuigiza, nyingi zikiwa na nyimbo zilizochaguliwa kwa sababu haki zake zilikuwa rahisi kupatikana. Mwaka 1973 rekodi zake zote za hadi wakati huo ziliuzwa kwa RCA kwa dola milioni 5.4, na Parker akachukua nusu. Mtunzi angebaki na nyimbo zake hata baada ya kuuza rekodi. Elvis hakuwa na nyimbo za kubaki nazo. Alikufa tarehe 16 Agosti 1977 akiwa na miaka 42, na mfumo uliomwita mfalme ulikuwa umemmiliki tangu mwanzo.

Hii ndiyo sababu jambo hili si ugomvi wa mashabiki. Taji lile lilitengenezwa na soko lililotaka sura ya kuuza na likaogopa mtu anayemiliki kazi yake. Kila tunapolirudia, tunakubaliana na soko kwamba wimbo ni mali ya sura inayouimba na kwamba mtunzi ni mtumishi wa nyuma ya pazia. Kijana anayeanza muziki leo, akiamini hivyo, atatia saini mkataba wowote atakaowekewa mezani, mradi picha yake iwe kubwa.

Elvis Presley abaki na sifa yake ya mwimbaji mkubwa. Anaistahili na haipungui. Ukuu wa roki kama sanaa ya mtu anayetunga maisha yake mwenyewe, akayaimba kwa kinywa chake na kuyapiga kwa mikono yake, ulianzia kwa Chuck Berry wa St. Louis. Majarida yaandike hivyo, redio zitangaze hivyo, na walimu wa muziki wafundishe hivyo, kwa majina na kwa tarehe, pamoja na Johnson kwenye piano na Crudup, Thornton na Tharpe waliotangulia.